Harusi Iliyopita Wodini

Siwezi kutulia harusini. Hata nikialikwa kama mgeni, nikapewa kiti na soda, miguu yangu hutafuta pa kwenda. Ni ugonjwa wa kazi. Pete ikishaingia kidoleni imeingia. Huwezi kumwambia bwana harusi aitoe aivishe tena kwa sababu wewe ulikuwa unabadilisha betri. Basi kila Jumamosi naamka kabla ya jogoo kukagua kamera, na sikai chini mpaka nirudi nyumbani kwangu Kasulu nikahakikisha picha zote zimo.

Nimepiga picha harusi za kila namna huku kwetu. Kwenye nyumba za wafanyabiashara Waislamu wa mjini Kasulu huitwa mimi, kwa sababu upande wa wanawake mwanamume haingii na kamera, na mimi ni mwanamke tena ninajitanda mtandio kama wao. Nimepiga Gwarama, ndani ya darasa la shule ya msingi, madawati yametolewa nje na ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Nimepiga kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa Wakongomani, ambako bwana harusi aliomba tungoje mvua iishe, maana ikilipiga turubai hakuna atakayemsikia akisema ndiyo.

Lakini ninayotaka kuisimulia ni harusi ya Kibondo, ya binti mmoja mtabibu wa mifugo na kijana fundi seremala kutoka Kasulu.

Nilifika asubuhi nyumbani kwa mama mkubwa wa bibi harusi. Huyo mama ndiye aliyesimamia kila kitu. Mama mzazi wa binti alifariki zamani, na binti alilelewa Mabamba na bibi yake, mama wa mama yake. Mama mkubwa alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kuamrisha, lakini mkarimu. Alinikalisha, akanipa chai na viazi vitamu, akaniita mwanangu.

"Karibu sana, mwanangu. Nyie watu wa pwani mnajua kupiga picha."

Sikumsahihisha. Ukoo wa baba yangu ulitoka pwani, ni kweli, na mtandio huwafanya watu waamini hivyo haraka. Lakini mimi nimezaliwa Kasulu, na Kiha, lugha ya huku, nimekicheza mtaani kabla sijaingia darasa la kwanza.

Chumbani bibi harusi alikuwa akipambwa. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa, mpambaji akamrudisha kidevu kwa vidole.

"Bibi amefika?" aliuliza.

"Yuko njiani," mama mkubwa akajibu. "Tulia, wanja utaharibika."

Nilitoka kidogo kwenda sebuleni kupiga picha ya viatu dirishani, ambako mwanga ulikuwa mzuri. Nyuma ya pazia, kwenye korido, mama mkubwa alikuwa akizungumza na mwanamke mwingine. Walizungumza Kiha, kwa sauti ya chini, na waliniona pale. Hawakujali. Nilisikia kwamba bibi alikuwa ameteleza uani, akavunjika nyonga, na alikuwa amelazwa hospitalini hapo hapo Kibondo. Nikasikia pia kwamba bibi harusi asiambiwe mpaka sherehe iishe.

Niliendelea kupiga viatu. Baadaye nilipozitazama picha hizo, hakuna hata moja iliyokuwa imenyooka.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikiwa kanisani nilikuwa nakimbia huku na huku kama kawaida, mbele ya madhabahu, pembeni ya kwaya, nyuma mlangoni, lakini jicho langu lilikuwa likirudi kwa yule binti. Alipoingia akishikwa mkono na mjomba wake hakumtazama bwana harusi. Alikuwa anatafuta. Aliangalia safu za kulia, kisha za kushoto. Wakati wa wimbo nilimwona akimnong'oneza mama mkubwa aliyekuwa karibu yake, na mama mkubwa akaonyesha nyuma kwa kidole.

Ibada ilipoisha, maharusi na wasimamizi wao walipelekwa kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni kupiga picha kabla ya kwenda ukumbini. Anga lilikuwa limefunga, mwanga laini, mzuri kwa nyuso. Niliwapanga chini ya maua, nikamwambia bwana harusi amshike mwenzake kiuno. Bibi harusi hakusogea.

"Dada," aliniambia, "pale kanisani umepiga picha watu wote, si ndiyo?"

"Karibu wote."

"Mama mkubwa amesema bibi yangu alikaa nyuma na wazee wenzake. Nionyeshe."

Alikuja mpaka nilipo, akiburuza gauni kwenye majani mabichi, akasimama begani kwangu. Nilianza kumfungulia picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Kwaya. Mchungaji. Wamama waliovaa sare ya kitenge cha kijani. Wazee wa nyuma, mmoja mmoja, mwingine amesinzia. Kidole changu kilikuwa kikibonyeza na kichwa changu kikitafuta uongo. Ningeweza kusema nyuma sikufika. Ningeweza kusema kadi imejaa. Kazi yangu ingekwisha salama, na mimi ningerudi Kasulu.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo," nikasema. "Bibi yako hakuja kanisani, mdogo wangu. Yuko hospitali. Alianguka. Niliwasikia wakizungumza asubuhi."

Nilidhani atalia au atapiga kelele. Hakufanya hivyo. Alikusanya gauni lake kwa mikono miwili, akamgeukia mumewe.

"Mimi ukumbini siendi."

Msimamizi wake wa kike akashika kichwa. "Jamani, watu wameshapangwa mlangoni! MC anapiga simu!"

Bwana harusi alikuwa kijana wa maneno machache. Alinitazama mimi, akamtazama mkewe, kisha akamfungulia mlango wa gari. "Kama wameshapangwa, watatusubiri," alisema. "Dereva, hospitali."

Niliingia nao bila kuambiwa.

Muuguzi wa zamu alitukuta mlangoni mwa wodi ya wanawake. Alianza kusema saa ya kuona wagonjwa bado, kisha akalitazama gauni jeupe kuanzia juu mpaka pindo lililokwisha kuwa jekundu kwa udongo. "Ingieni," alisema. "Msifanye fujo. Na wewe wa kamera, wagonjwa wengine usiwapige."

Bibi alikuwa amelala karibu na dirisha, mguu umefungwa uzito kwa kamba. Alikuwa mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, macho makali. Bibi harusi alipiga magoti kando ya kitanda. Bibi akalishika shela, akalisugua kati ya vidole kama mtu anayepima kitambaa dukani. Nilikuwa nimeshainua kamera.

"Ni leo?" aliuliza kwa Kiha.

"Ni leo, bibi."

"Mama yako mkubwa alikuja hapa. Alikaa hapo ulipo. Akaniambia harusi imesogezwa mpaka nipone." Akaliachia shela. "Imesogezwa."

Akageuza uso ukutani.

Niliishusha kamera. Nimezoea machozi ya harusini, yana mahali pake na mwanga wake, lakini haya sikujua nisimame wapi kuyaangalia. Bibi harusi alimshika mkono, akamwita, akamwita tena. Nilitamani kutoka. Nilijiona mimi ndiye niliyewaleta watu wote hawa kwenye uchungu ambao, bila mdomo wangu, ungelala mpaka sherehe iishe.

Bwana harusi akasogea. "Shikamoo, bibi."

Sauti ikatoka ukutani: "Wewe ni nani?"

"Ni mume wa mjukuu wako."

"Nani kakupa?"

Kijana akamtazama mkewe.

"Huyu nimemlea mimi," bibi alisema, bado anatazama ukuta. "Mama yake alimwacha hajaacha kunyonya. Nimemtafunia maharage kinywani. Nani kakupa?"

Bwana harusi akavuta koti lake, akatoka nje ya wodi. Nilifikiri ameona aibu, au amekasirika. Kupitia dirishani nilimwona akizungumza na mzee aliyekuwa akipalilia maua ya uani. Mzee alicheka, akampa kitu.

Kisha tukasikia mlangoni: "Hodi!"

Muuguzi akageuka. "Wewe! Unaniletea matope humu ndani?"

Bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya bluu na ua lake kifuani, begani amebeba jembe, udongo bado unadondoka.

"Hodi wenyewe," alirudia.

Mwanamke wa kitanda cha pili, mama mnene mwenye mkono uliofungwa plasta, alijiinua akaketi. Alitabasamu mpaka magego. "Karibu. Sema shida yako."

"Nimekuja kuomba mke kwenye nyumba hii."

"Nyumba hii ina mabinti wengi," mama wa plasta akasema, akionyesha vitanda vyote. "Unamtaka yupi?" Wagonjwa wakaanza kucheka, hata bibi kizee mmoja aliyekuwa hajainua kichwa tangu tuingie.

"Huyo aliyepiga magoti."

"Umekuja na nini?"

"Jembe, kama mahari ya wazee wa zamani."

Bibi akageuka polepole. Kugeuka kulimuumiza, nilimwona akiuma midomo, lakini alikataa kusaidiwa. "Lilete nilione."

Kijana akalileta, akapiga magoti karibu na mkewe, akalishika mbele ya bibi kwa mikono miwili. Bibi akapitisha kidole kwenye ubapa.

"Limekwisha hili. Hili ni la kulimia maua."

"Nitaleta jipya nyumbani, bibi. Mpini nitauchonga mwenyewe."

"Wanaume wote ni mafundi siku ya harusi." Alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mjukuu wake ambaye wanja ulikuwa umemshuka mpaka mashavuni. "Unamtaka?"

"Namtaka, bibi."

"Basi mchukue," alimwambia kijana. "Lakini siku ukimchoka usimtupe njiani. Mrudishe kwangu kwa mkono, kama nilivyokupa."

Mama wa plasta akapiga kigelegele. Kikapokelewa kitanda hadi kitanda, na muuguzi aliyetuonya kuhusu fujo nilimwona ameziba mdomo kwa kiganja, ulimi unacheza nyuma ya vidole. Nilipiga picha nikiwa nimechuchumaa chini ya dirisha.

Ukumbini tulifika MC amechoka kuchekesha watu. Mama mkubwa alinivuta pembeni, nyuma ya maspika.

"Ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi, mama."

"Kumbe Kiha unakijua."

"Nimezaliwa Kasulu."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Wewe tulikuita upige picha. Hatukukuita useme." Halafu akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Watu wametoka Kasulu, wametoka Kakonko. Ng'ombe kachinjwa. Daktari kasema mama atalala pale muda mrefu. Ningefanyaje? Nilitaka mtoto asiye na mama acheke siku moja tu."

Hata leo sijui jibu lake lilikuwa lipi.

Ulipofika wakati wa keki, MC akawaita wazazi walishwe. Mama mkubwa alikuja mbele na kitenge chake kizuri, akasimama. Bibi harusi alikuwa na kipande kwenye kijiti. Hakukiinua. Muziki uliendelea, watu wakaanza kutazamana. Bwana harusi akamgusa kiwiko. Ndipo akanyoosha mkono akamlisha mama yake mkubwa, bila kumtazama usoni, na mama akapokea macho yakiwa chini. Picha ya tukio hilo ninayo. Wote wawili wanaitazama sakafu.

Usiku ule na siku zilizofuata sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa nikiamka nikizipanga upya picha, nikizipanga upya sentensi zangu. Ningesema vipi vingine? Ningesema kwa nani kwanza? Nilipigiwa simu za harusi nyingine, nikaenda, nikakimbia huku na huku, na kila nilipoona bibi harusi akigeuza kichwa kanisani nilimkumbuka yule wa Kibondo.

Msimu wa kupanda maharage ulipofika, bibi harusi alinipigia. Bibi alikuwa ameruhusiwa, yuko kwake Mabamba, na anataka picha zake. Nilipanda pikipiki kutoka Kibondo mjini. Mlangoni aliyenipokea ni mama mkubwa. Alikuwa na kanga kiunoni na mikono yenye majivu. Alikuwa amehamia pale kumuuguza mama yake.

"Mwidiwe," nilimwamkia kwa Kiha.

Alijifuta majivu kwenye kanga. "Mwidiwe," akajibu, na akaingia ndani kuniletea kiti.

Bibi alizitazama picha za wodini moja baada ya nyingine, akaziweka chini.

"Nimelala kama maiti. Nipige nyingine nimesimama."

Nilingoja uani akitafutiwa nguo. Mawingu yalikuwa yakija kutoka upande wa Burundi, na mimi nilikuwa nikitembea kati ya banda la mbuzi na migomba, nikipima mwanga, nikihesabu kichwani kama nitawahi mvua. Alitoka hatimaye, kitenge cha manjano, fimbo mkononi, binti yake nyuma yake. Akasimama katikati ya ua. Akampa binti yake fimbo.

"Mama, utaanguka."

"Shika hiyo fimbo."

Mama mkubwa akaipokea, akabaki amenyoosha mkono mwingine nyuma ya mgongo wa mama yake, haumgusi, tayari kumdaka. Nilirudi nyuma kidogo ili mkono ule na mwenye mkono wote waingie. Nikapiga.

"Umempiga na huyu?" bibi aliuliza.

"Nimempiga, bibi."

Matone ya kwanza yalikuwa yakianza kugonga bati.

"Haya," bibi akamwambia binti yake, "nirudishie fimbo yangu, tuingie ndani."