Mnakabidhiana Nini?

Unesi sijausomea. Niliishia darasa la nne, nikaolewa. Lakini nimeuguza watu wengi, na kuna jambo moja la wodini linaniudhi mpaka leo: nesi anayetoka zamu kumwambia anayeingia kwamba mgonjwa "hajambo", basi, achukue mkoba wake aende zake.

Hajambo ndiyo nini?

Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa pamba. Gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe lilimpanda mume wangu mguuni, chini ya goti. Tulitoka kwetu upande wa Masumbwe juu ya lori la pamba mpaka hospitali moja ya mjini. Wakamfunga muhogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani mpaka unyayoni, vidole tu vikabaki nje.

Jioni nikavishika. Baridi! Vya mguu wa pili vina joto lake, hivi baridi kama udongo wa mtungi. Nikamwita nesi wa zamu ya jioni. Hakunidharau. Akavishika mwenyewe, akakunja uso.

"Muhogo umebana, mama. Daktari ameshaondoka. Nitamwambia mwenzangu wa usiku amwite."

Nikamshukuru. Haikupita muda, mhudumu wa mlangoni akapiga kelele, "Wauguzaji wote nje! Manesi wanakabidhiana!"

Sasa niambie, huo si ujinga? Sisi tulioshinda na mgonjwa tunatolewa, anaulizwa mgonjwa peke yake. Na huyo mgonjwa ni Msukuma mtu mzima, amelelewa. Ukimwamkia atakuitikia vizuri kwanza, hata kama nyumba inaungua. Nikaenda kulala na wenzangu kwenye varanda ya jiko la wauguzaji, nikijua daktari ataitwa.

Asubuhi nikaingia na uji. Mguu umefunikwa shuka. Nesi wa usiku na wa asubuhi walikuwa wanapita kitanda kwa kitanda, na siku hiyo mhudumu alikuwa hajatutoa.

"Huyu wa mguu hajambo, amelala vizuri," akasema wa usiku.

Wa asubuhi akainama kwa adabu, akamwamkia Kisukuma. "Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu mume wangu. Salama tu! Na tabasamu juu.

"Na mguu?"

"Hauumi tena."

"Eh, vizuri!" Wakahamia kitanda kingine.

Nikaweka uji chini. "Sista, rudini hapa."

"Mama, subiri nje, tunakabidhiana."

"Mnakabidhiana nini? Shuka?" Nikalifunua. Vidole vimeiva weusi kama zambarau. "Shika. Na wewe unayetaka kwenda kulala, shika."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mchimbaji dhahabu wa Geita, kavunjika mkono. Akacheka, "Leo wodi imepata matroni mpya!"

Mume wangu akanikata jicho. "Mama watoto, unaniaibisha."

"Jana hukumsikia nesi akisema umebana?"

"Nilimsikia. Lakini binti wa watu kaniamkia vizuri, nianze kumlalamikia?"

Nilitamani kummwagia ule uji.

Nesi wa usiku akagusa, akarudisha mkono haraka. "Sikuambiwa, mama. Niliambiwa wote hawajambo." Nilimwamini, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ningempata mkorofi hata mmoja, ningejua wa kugombana naye. Wote walikuwa watu wazuri, na mguu unakufa.

Wa asubuhi alikuwa ameshakimbia kumwita daktari. Wakaupasua muhogo pale pale. Daktari akabonyeza, akachomachoma na sindano, akasema mguu utapona ila vidole viwili vya pembeni atavikata kesho yake. Nikamuuliza, kama muhogo ungepasuliwa jana jioni? Akasema vingebaki.

Jioni yule nesi wa kwanza akaingia zamu. Alipouona mguu akaanza kulia. Sikumbembeleza. Zamu yake ilipokwisha nikakataa kutolewa nje, nikamwambia afunue, amweleze mwenzake vidole vilikuwaje jana, vikoje sasa, na kitu gani kikitokea daktari aitwe. Akaeleza. Nikasema arudie tena, mara hii mwenzake akiwa ameushika mguu.

Mume wangu kageukia ukutani kwa haya. Mimi nimelishikilia shuka, lisirudi.