Vidonge vya Mgowe

Kazi yangu ni kuelimisha watu. Nina meza Mbeya, katika chumba ambacho maboksi ya vipeperushi yamepangwa hadi usawa wa dirisha, na nimeajiriwa kuwaeleza wananchi kwamba dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima, na kwamba humpi jirani. Nimeyasema hayo redioni, minadani, kanisani na msikitini mpaka koo limekauka. Kwa muda wa miaka miwili mtu ambaye hakunisikia hata kidogo alikuwa mama yangu mzazi.

Mama anaishi kijijini, mkoa wa Iringa, na anatibiwa kwa bima yangu. Zahanati ya kijiji niliikataa, kwa sababu leo dawa ipo, mwezi ujao unaambiwa urudi wiki ijayo. Nikataka aje Mbeya kila baada ya miezi miwili, afikie kwangu, mtaa wa Soweto, nimpeleke kliniki mwenyewe. Watu wa nyumbani walisema namsumbua mama wa watu na mabasi. Sikujali. Nilitaka nimsimamie. Basi alikuwa anakuja na magimbi, maharage, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na presha ileile.

Nasema ileile kwa upole. Ilikuwa presha ya kumwangusha mtu. Bibi yangu, mama yake mama, alipooza upande mmoja nikiwa shule ya msingi, na mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani nikitoka darasani. Nilijua kabisa ninachokiogopa. Kila mama aliposhuka kwenye basi nilimtazama mdomo kwanza, kama umekaa sawa, ndipo nikamwamkia.

Daktari alimwongezea dozi. Presha haikushuka. Akamwongezea tena, halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, hizi dawa unameza kweli?"

"Namezaga, baba," mama akajibu, kwa tabasamu la mtu anayeulizwa kama amekula.

"Kila siku?"

"Namezaga."

Njiani kurudi nilimfokea. Nilimuuliza kama hajui kusoma, swali la kijinga, maana mama ndiye msomaji wa masomo ya Jumapili kanisani kwao na alishawahi kukaa kwenye sofa langu akasahihisha nukta kwenye kipeperushi nilichokiandika mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama bado nanunua viazi sokoni wakati yeye anavyo vinaoza.

Mwezi wa kwanza kulikuwa na msiba wa jamaa upande ule, na wakati wa kurudi nikapitia nyumbani bila kupiga simu. Ilikuwa saa sita mchana, wakati wa palizi. Mama nilimkuta kwenye ukingo wa shamba lake la mahindi, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Shambani walikuwepo wanawake watatu wa jumuiya yake, wameinama na majembe. Nikafurahi. Mimi ndiye niliyemkataza kulima, na nilikuwa sijawahi kujiuliza nani analima badala yake.

Kwetu shughuli hiyo ni mgowe. Unaita watu, wanakulimia siku moja, nawe huwaachi waondoke mikono mitupu. Unawapikia, na zaidi ya chakula kunakuwa na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nani kaitwa mgowe akarudi kwake mkavu? Hapo jina lako limeharibika mpaka kwa wajukuu.

Wanawake wakapumzika. Mama akafungua mfuko wa kliniki, ule wa kaki wenye mwandiko wa mfamasia, akatoa vidonge, akaanza kuwahesabia viganjani. Huyu saba, huyu saba, huyu saba.

"Kamwene," wakaniambia wote waliponiona.

Sikuitikia. Kwetu kutoitikia salamu ni kutukana, na siku ile nilitukana shamba zima.

"Mama, hizo si dawa zako?"

"Ni zangu. Ndiyo maana nazigawa mimi."

"Umechanganyikiwa?"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni. Mimi silimi, umenikataza wewe. Hawa wananilimia. Unataka wanilimie bure?"

"Si uwape ulanzi kama watu wote!"

Mama akanitazama kama mtoto aliyejisahau. "Watu wa presha nawapaje ulanzi? Karatasi yako imekataza pombe."

Nikazidi kupandisha sauti. Nikauliza nani amewaambia wale wanawake kwamba wana presha. Aliyejibu ni mmoja wao, rafiki wa mama ambaye tangu utoto namwita mama mdogo. Si ndugu wa damu. Ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto siku yangu ya kwanza ya shule, kwa sababu mama alikuwa na mtoto mchanga.

"Si ninyi?" akasema mama mdogo, bila ubaya wowote. "Si mlikuja na gari siku ya mnada, mkatupima? Wewe ndiye uliyeshika spika. Mkatuambia tunayo, mkatupa karatasi, mkaondoka. Tulienda zahanati tukaambiwa dawa hakuna. Tukaendaga tena, hakuna."

Nilikumbuka mnada ule. Nilikumbuka kwamba katika ripoti niliandika wananchi walijitokeza kwa wingi.

"Na karatasi tumeisoma," akaendelea. "Imeandika kila siku. Sisi ya kila siku hatuna. Tunamezaga siku shingo ikibana."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angekaa chini, akaomba maji, akafikiri. Lakini nilikuwa nimechoka na mabasi, na uongo wa mama, na yule daktari kuniangalia mimi kana kwamba ndiye ninayemeza. Nikatoa somo. Palepale kwenye tuta, nimevaa viatu vya msibani, nikaeleza kwamba vidonge vya mtu mmoja vikigawanywa kwa wanne hakuna hata mmoja anayepona. Nikaeleza mishipa, moyo, figo. Nilieleza vizuri, nasema kweli, sijawahi kueleza vizuri namna ile. Walinisikiliza wakiwa wameegemea mipini ya majembe, wakitikisa vichwa kukubali.

Nilipomaliza, mama mdogo akauliza, "Tumekuelewa, mwanangu. Sasa atoke nani?"

"Kutoka wapi?"

"Kwenye dawa. Umesema wanne hatutoshi. Atoke nani?"

"Mtoke wote. Dawa ni za mama."

Hawakubisha, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Walifungua mafundo ya khanga, wakarudisha, pamoja na vya mgowe uliopita vilivyosalia. Mama mdogo aliuliza kama aache siku hiyohiyo au apunguze taratibu. Nikamjibu kwamba dawa ambayo hukuandikiwa huipunguzi, unaiacha, na aende hospitali ya wilaya akaandikiwe yake. "Tutaenda," akasema, kwa sauti ileile ninayoisikia mwisho wa kila semina. Wakarudi shambani. Mistari miwili ilikuwa imebaki, wakaimaliza, ndipo wakaondoka, na hawakukubali hata chai.

Mama hakusema nami hadi asubuhi. Lakini alimeza. Nilimpigia simu kila siku saa moja, nikamsikia anameza, gulu, kwenye spika. Kliniki iliyofuata presha ilikuwa imeshuka, na iliyofuata ikashuka zaidi. Daktari alinipa mkono. Bosi wangu alisikia, akaniomba niwasimulie wenzangu kwenye kikao, ukumbi umepambwa vitambaa, sambusa zinapita. Nikasimulia jinsi elimu inavyoweza kuanzia nyumbani. Walipiga makofi, nami nilifurahi, sitadanganya.

Niliandika barua pia. Niliomba dawa za presha zipelekwe zahanati ya kijiji kile, kwa kuwa tuliwapima na wanaijua hali yao. Nilijibiwa kwamba mkakati wetu unahusu uelewa, na masuala ya dawa yako idara nyingine. Idara nyingine ikanijibu kwamba mahitaji huletwa na zahanati. Nikampigia mganga wa zahanati, akasema yeye hupeleka maombi kila mara, na akaniuliza kama tuna vipeperushi vingine, maana vile vya kwanza vimeisha na watu wanavipenda. Nilikata simu nikapiga meza kwa kiganja mpaka wenzangu wakageuka.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani mama aliponipigia yeye, jambo asilolifanya kamwe. Mama mdogo ameanguka kwenye viazi vyake. Hakuwa ameenda hospitali ya wilaya. Alikuwa anangoja avune kwanza.

Nilimkuta hospitali, Iringa mjini, amelala chali, upande wa kulia wote umekwenda, na mdomo pia. Mama alikuwa pembeni yake na bakuli la uji, anampa kijiko, anafuta, anampa kingine. Mama yangu aliyenyooka, mwenye mdomo sawa. Nilimtazama nikashukuru, na papo hapo nikajichukia kwa kushukuru. Vile vidonge vya kuokoteza huenda visingemsaidia mama mdogo chochote. Kitaalamu najua hivyo. Nimejirudishia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuyasema kwenye redio.

"Kamwene, mama," nikasema.

Mama mdogo akanitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linamtii. Akajaribu kuitikia. Ilichukua muda mrefu, na sauti iliyotoka haikuwa neno, lakini aliitikia.

Nesi akaja na fomu, binti mdogo mwenye haraka na heshima zake. Ilikuwa fomu ya wagonjwa walioacha dawa, nami niliitambua, kwa kuwa nilikaa kwenye warsha iliyoiandaa. Akauliza kama mgonjwa aliwahi kutumia dawa ya presha. Mama akasema aliwahi, siku mojamoja. Nesi akaweka alama.

"Kwa nini aliacha? Alisahau? Hakuelewa maelekezo? Au alikwenda kwa waganga wa kienyeji?"

Nilifungua mdomo niseme. Mama aliniwahi. Hakunigeukia, alikuwa anampangusa mwenzake uji kidevuni.

"Andika alielimishwa," akasema.

Nesi akatafuta pa kuweka alama, hakupaona.