Mguu wa Fundi, Dirisha la Mkewe

Shemeji yangu ni fundi cherehani, mume wa mdogo wangu, na tangu nianze kufanya naye kazi ni nadra kumsikia akisema neno likatoka zima. Sababu ni pini. Akianza kumpima mtu nguo, pini zote anazibana midomoni zimejipanga kama meno ya kitana, na hapo hapo ndipo hamu ya kuongea inapompanda. Atamwambia mteja ainue mkono, atauliza watoto hawajambo, atabishana habari za mpira, yote kwa kupitia meno. Wateja wageni huitikia tu "ndiyo" bila kujua wameulizwa nini. Kuna mmoja aliitikia hivyo akajikuta suruali yake imefupishwa mpaka inaonyesha soksi, akaja juu, Fundi akamwambia, "Si ulikubali mwenyewe?"

Sisi tuliomzoea tunamwelewa. Kazi yangu mle ndani ni vifungo, mapindo na pasi. Yeye anakata na kushona. Cherehani zetu ni za kukanyaga kwa miguu, na hakuna mtu mtaa mzima anayekanyaga kama yeye. Mshono wake unanyooka hata akiwa amegeuza shingo kutazama barabarani.

Ubavuni mwa chumba chetu ni duka la mdogo wangu, dirisha tu lenye nondo. Anauza sabuni, sukari, viberiti, na sigara moja moja kwa wanaopita. Kwa hiyo mjue mume alikuwa akinunua zake wapi. Alikuwa hana haja ya kutoka. Alisimama mlangoni kwetu, mguu mmoja ndani mmoja nje, akanyoosha mkono kuzunguka ukuta, na mkewe akamwekea sigara kiganjani bila hata kutazama, kama mtu anayempa mtoto titi huku anapepeta mchele. Kisha anavutia pale pale kizingitini, eti kwa heshima ya vitambaa vya watu. Moshi ulitoka, upepo ukaurudisha. Nilimwambia moshi hauulizi mlango uko wapi. Alicheka, akakohoa, akarudi kazini.

Halafu mguu wa kushoto ukaanza maneno. Kwanza ni kuuma akitembea. Tulikuwa tukienda kununua vitambaa yeye na mimi, na katikati ya njia anasimama mbele ya duka lolote, anajifanya kuangalia bidhaa. Siku moja alisimama mbele ya duka la vyombo muda mrefu hivi kwamba mwenye duka, mjane mmoja mnene, akatoka kujitengeneza kilemba. Nikadhani ni uzee umeanza kumpigia hodi. Kumbe si uzee. Kidole kidogo cha mguu kiligeuka rangi, kikawa kama ganda la bilinganya, na usiku mdogo wangu anasema mume hapati usingizi, amekaa kitandani ameshika unyayo.

Hospitali nilimpeleka mimi, maana mdogo wangu hafungi dirisha lake hata nyumba iungue. Daktari alikuwa mwanamke kijana, haongei kwa mafumbo. Alibonyeza mguu, akasikiliza, akamwuliza anavuta kiasi gani, Fundi akataja kiasi cha uongo, mimi nikataja cha kweli. Daktari akamweleza kwamba tumbaku inaziba mishipa ya damu ya miguuni, na kwa watu wengine, kama yeye, inaziba vibaya sana.

"Ukiacha, mguu huu unabaki," akasema. "Usipoacha nitaukata, halafu utaniletea na wa pili."

Fundi akauliza kama haiwezekani kupunguza taratibu. Daktari akasema hapana. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeomba kupunguziwa bei. Hapana.

Njiani nilikuwa najiuliza. Fundi wa cherehani ya kukanyaga bila miguu ni nini? Tulipofika kwenye mtaro alitoa pakiti mfukoni akaitupa majini mbele ya macho yangu, na kusema kweli, machozi yalinilenga. Tangu siku ile kizingiti chetu kikabaki kitupu. Kikohozi kikapungua. Hasira zake za siku za kwanza tulizivumilia. Alinifokea kwa sababu ya kifungo, akamfokea mteja kwa sababu ya tumbo la mteja mwenyewe, lakini baadaye akatulia, akawa mpole kuliko hata alipokuwa anavuta. Nilimtangaza kila mahali. Bombani, sokoni, kwa majirani. Ukitaka kuona mwanamume mwenye msimamo, nilisema, njoo kwetu.

Kilichokuwa kinanichoma ni lile dirisha. Mdogo wangu aliendelea kuuza. Mume anapambana humu ndani, na yeye hapo ukutani anawawashia watu viberiti, moshi unaingia kwetu. Nikamwendea, nikamwuliza kama ana akili. Akaniambia sigara ndiyo inayomletea watu. Mtu akija kwa sigara anaondoka na sabuni. Asipouza yeye, wanavuka barabara kwa jirani wa ng'ambo, yule tunayemwita Taratibu kwa jinsi anavyotafuta chenji, na sukari wananunua huko huko.

"Dada, usinionee mimi," akasema. "Kiwanda kinaruhusiwa, gari linaloleta linaruhusiwa, mwovu ni mimi wa dirishani? Wakafunge huko juu, nami nitafunga hapa."

Nikamjibu kwamba huko juu hakuna mtu anayelala na mgonjwa kitanda kimoja. Tukanuniana.

Ndipo likaja jambo la madoa. Nilikuwa napiga pasi mashati meupe ya wanafunzi, na kwenye kola ya moja nikaona doa la kahawia, dogo kama chembe ya mtama. Nikafikiri ni kutu ya pasi yangu ya mkaa. Nikaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Kesho yake madoa mengine, kwenye pindo, kwenye mkono, mahali pale pale fundi anapokatia uzi kwa meno. Nikailaumu mashine kwamba inavuja mafuta. Fundi, pini mdomoni, akakubali kwamba ni mafuta, akaifungua mashine yote akaifuta. Nilifua mashati yale kwa mikono yangu, huku nikimtukana aliyetengeneza mafuta ya cherehani. Jinga kabisa mimi! Mafuta gani yana harufu ile?

Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa wetu anauza magodoro, na wiki zile mtu alitupa kichungi cha sigara kikala godoro lake jipya mpaka katikati. Akaitisha mkutano. Alitaka tukubaliane kwamba mtaa wetu wote, kona hadi kona, hakuna kuuza tumbaku ya aina yoyote. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya duka lake. Mjadala ulikuwa mkali. Wenye maduka wakasema hiyo ni kuwaua. Kinyozi akasema mtu mzima ana haki na pumzi yake. Mama muuza mboga akajibu kwamba pumzi yake sawa, lakini yeye mumewe alipozikwa hakuona mwenye haki hata mmoja akija kumsaidia kulea. Mdogo wangu alikaa nyuma, mikono kifuani, ameniangalia kwa jicho la kando.

Mimi nikasimama nikasema, hapa tunaye mtu aliyetoka huko. Mpeni nafasi Fundi awaambie kama mtu hawezi kuishi bila hiyo kitu.

Fundi hakutaka. Wakampigia makofi, akainuka, akiegemea kiti kwa sababu ya mguu. Akaongea vizuri, jamani. Akaeleza maumivu, akaeleza kidole, akasema usiku anajisikia kama mguu umetiwa kwenye maji ya barafu. Watu wakatulia. Kinyozi akainamisha kichwa. Nami nimekaa pale nimejaa fahari, nasikiliza ile sauti yake ya kupitia meno niliyoizoea, mdomo wa chini umevimba kidogo kama siku zote akiwa kazini.

Halafu nikakumbuka kwamba hatukuwa kazini. Hapakuwa na mteja wa kupimwa. Pale mkutanoni pini zilikuwa za nini?

Nikamtazama vizuri. Kwenye kona ya mdomo palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, na kabla hajamaliza sentensi akaulamba. Mimi sina breki ya ulimi, wanajua wote.

"Shemeji," nikasema, "toa hizo pini tuzione."

Akafumba mdomo. Watu wakadhani ni utani wa mashemeji, wakacheka, mmoja akaitikia, atoe, atoe. Fundi akameza mate, akakohoa, na likamtoka lote, bonge la ugoro, tumbaku ya kusaga, likadondoka juu ya godoro la mwenyekiti lililokuwa mbele yake. Kicheko kilichozuka nadhani kilisikika mpaka barabara kuu. Taratibu alicheka mpaka akafuta machozi. Kinyozi akauliza, sasa huyu ndiye aliyeacha? Wakapiga kura ya kunyoosha mikono huku wanacheka bado, na hoja ya kupiga marufuku ikaanguka. Walioiangusha ni mimi na shemeji yangu.

Nyumbani nilitegemea aone aibu. Hakuona. Alinishangaa mimi. Akasema daktari alilalamikia sigara, na sigara inaumiza kwa moshi, na moshi ameacha, shahidi wake ni kizingiti. Ugoro hauna moshi. Hauendi kifuani, unakaa mdomoni, mate unatema. Tena ulikuwa umemsaidia kuacha, maana asingekuwa nao angerudia sigara siku ya kwanza. Alikuwa anaamini kabisa. Alikuwa anajiona ameshinda.

Nikamgeukia mdogo wangu. Kama kuna ugoro mdomoni kwa mume, umepita dirisha gani?

Hakukataa. Alisema alianza kumpa kipakiti siku zile za kufoka, akaona ametulia. "Wewe ulifurahi, yeye akafurahi, nami nikapata kulala," akaniambia. "Ungenishukuru."

Nilimrudisha hospitali kesho yake. Yule daktari alipomfungua mdomo alifunga macho tu kama mtu aliyefikiwa na kizunguzungu. Kisha akasema tumbaku ni tumbaku, ipite puani, mdomoni au kifuani, inafika kwenye damu, na ndiyo damu inayopeleka kilio mguuni. Vidole vingine viwili vilikuwa vimeshageuka rangi kama kile cha kwanza. Walijaribu kuokoa nusu ya unyayo. Haikuwezekana. Wakakata chini ya goti.

Siku ile mdogo wangu alifunga dirisha lake. Aliporudi kutoka wodini akatoa pakiti zote za sigara na vipakiti vyote vya ugoro, akavitumbukiza jikoni kwenye moto bila kunitazama. Sikumsimanga. Wateja wakaja, wakaambiwa hakuna, wakavuka barabara. Sabuni ikawafuata huko huko, kama alivyosema. Taratibu akaongeza benchi nje ya duka lake, na kivuli cha turubai juu yake.

Fundi alirudi kazini na magongo. Anakanyaga mashine kwa mguu wa kulia. Mwanzo mshono ulikuwa unayumba, tukafumua nguo nyingi za watu, lakini mguu ule umejifunza. Ndio ninaouwekea macho sasa. Ndio uliobaki kati yetu na kukaa bure. Nilimwambia hivyo, akasema anajua, akaapa kuacha, nami safari hii sikumtangaza popote.

Juzi nilikwenda kununua vifungo. Kurudi, mashine haisikiki, kiti kitupu, gauni la mtu limening'inia kwenye sindano, nusu limeshonwa. Mdogo wangu dirishani anaangalia ng'ambo ya barabara, uso umemshuka. Nikatazama anakotazama. Shemeji yangu, mtu aliyekuwa hawezi kumaliza mtaa bila kusimama kwenye duka la vyombo, alikuwa amevuka barabara nzima kwa magongo katikati ya pikipiki na malori, amekaa kwenye benchi la Taratibu, anavuta. Ile ya moshi. Hata kujificha hakuhangaika.

Nikavuka mbio. Nikamwambia, "Shemeji, una mguu mmoja."

"Kuhesabu najua," akasema, na hakunitazama. Akasema alijaribu, amejaribu kweli, kuanzia wodini, na kwamba mimi siwezi kujua ilivyo. Hilo la mwisho ni kweli, siwezi kujua, na ndilo lililonikasirisha zaidi.

Nikamgeukia Taratibu. Nilimmwagia yote niliyoyabakiza tangu mkutanoni. Nilimwambia anauza mguu wa mwenzake vipande vipande. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akifuta meza yake polepole.

"Mama," akasema, "siku ya kwanza nilimnyima. Akasema basi atakwenda kule mbele, kwenye barabara kuu. Nikamwona anaondoka na magongo yake. Nikamwita arudi."

Siku ya kwanza! Kumbe kulikuwa na siku nyingine kabla ya hii. Ningemwambia nini, amwache aende akagongwe? Kule mbele wanauza, na mbele yake wanauza, na stendi wanauza, na mlangoni mwa hospitali yenyewe yuko kijana na sanduku shingoni. Dirisha moja tumelifunga, nalo ni letu wenyewe.

Nikachukua magongo yake nikayakumbatia, nikakaa benchini nimsubiri amalize, maana kumnyang'anya kitu kilichowaka mbele za watu kungeishia kwa ugomvi. Alivuta mpaka kwenye kichungi. Kisha nikampa gongo moja, bega langu likawa la pili, tukangoja malori yapungue.