Mnavu nilioupulizia dawa

Leo mama mkwe kanipakulia mboga.

Alinituma nikampalilie shamba lake huku Mlali kwa jembe. Jana nikapuliza dawa ya magugu kimyakimya.
Dawa hiyo haiunguzi papo hapo, majani hubaki kijani siku kadhaa.
Kumbe asubuhi kachuma mnavu, ile mboga inayojiotea, humohumo.

"Kula, baba. Nimeuwahi kabla hujaupiga jembe."

Mkwe hakatai chakula. Lakini wanangu nao walishanawa mikono, tayari kula.

Nikasema ukweli, macho chini.
Akaondoa sahani zote, kisha akauliza, "Na bakuli nililompelekea katekista?"

Nimekimbia hadi kwa katekista. Nikakuta familia nzima imefumba macho, inabariki chakula.
Nikalichukua bakuli.
Katekista akafumbua macho, ninalo mkononi.

Nyie mngesema nini?