Neno Lililobaki Nje ya Ubao

Nyimbo zilikuwa kumi na tisa. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekaa nyuma ya maegesho ya malori pale Tunduma, aliniimbia moja moja kila Jumapili baada ya ibada, nami nikaziandika kwenye daftari, nikamwahidi kitabu. Zilikuwa za Kinamwanga: za kulima, za harusi, na moja ya kumsindikiza marehemu. Hakuna kitabu kilichokuwa nazo. Waliokuwa wakiziimba pamoja naye walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ambaye masikio yake yalikuwa yameziba.

Miaka ile Tunduma ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya, nami nilifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Nilichapa kwa vidole viwili, na bado nachapa hivyo. Wateja walipopungua nilifungua daftari nikachapa mstari mmoja, miwili. Kazi hiyo ilichukua karibu mwaka mzima. Nyimbo nilizihifadhi kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya duka iliwahi kufutwa vitu vyote bila mtu kuulizwa. Nilipomaliza, daftari nikalirudisha nyumbani.

Shangazi yangu aliuza karanga za kukaanga kwa madereva wa malori. Siku moja nilirudi nikakuta jalada tu la daftari langu limebaki juu ya meza.

"Si ulisema umeshachapa?" aliniuliza.

"Nimechapa, shangazi."

"Basi unalia nini? Nyimbo zimefungia karanga, sasa ziko Lusaka. Wewe mwenyewe Lusaka umefika?"

Sikuwa nalia. Nilikuwa nafikiri kwamba sasa nyimbo zote ziko kwenye kitu kidogo kama punje ya haragwe, kilichofungwa kwenye pindo la kanga yangu.

Haukupita muda nikachomeka flashi ile dukani, nikaona kimshale kidogo mahali pa nyimbo. Nikibonyeza, kompyuta inagoma. Mwenye duka aliangalia mara moja akasema, "Virusi hao. Futa yote uanze upya."

Kuanza upya kungewezekana kama bibi angekuwa na pumzi. Tangu masika kifua chake kilikuwa kimebana. Aliongea maneno matatu akapumzika, akaongea mengine mawili. Kuimba hakuweza tena. Kila Jumapili aliniuliza, "Kitabu changu kimefika wapi?" nami nikamjibu, "Kinakuja, bibi." Nilijua nasema uongo, na nilijua muda unakwisha.

Ndipo akaja dukani kijana mmoja fundi wa kompyuta, aliyekuwa akifundisha watu jioni katika darasa moja la shule ya msingi. Alikuja na ubao, kopo la rangi na brashi, maana wino wa mashine yetu ulikuwa umeisha. Alisema yeye na wenzake wanaandaa siku ya programu huria, kama wanavyofanya watu wa miji mingine.

"Mtu mwenye kompyuta au flashi yenye virusi aje nayo," alisema. "Tutaitazama. Dada, niandikie tangazo: Jumamosi ni Siku ya Programu Huria, bure, wote karibuni, hapo shuleni."

Nilitaka kumwonyesha flashi yangu palepale. Niliona haya. Wala sikumuuliza programu huria ndiyo nini. Nilichukua brashi.

Naandika polepole, na herufi zangu ni kubwa. Nilipofika mstari wa pili niliona neno "programu" halitaenea. Nikalipima kwa kidole mara tatu. Nikaona bora liachwe, libaki lile la maana. Ubao ukasema: JUMAMOSI SIKU YA HURIA. BURE. WOTE KARIBUNI SHULENI. Tukausimamisha kwenye njia panda ambapo akina mama wanapita na mizigo asubuhi. Fundi alikuwa na haraka, hakuusoma.

Sisi watu wa Tunduma neno huria tulilijua kutoka sehemu moja tu: soko huria. Wakubwa wetu walisimulia jinsi sabuni ilivyokuwa ikifichwa chini ya kitanda, kisha likaja soko huria na malori yakaanza kupanga foleni. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisoma huria, anaona soko. Na akisoma bure chini ya soko, anaelewa jambo moja, kwamba siku hiyo hakuna ushuru.

Jumamosi nilipofika shuleni nilikuta fundi amepanga kompyuta sita juu ya madawati, nyaya zimevutwa kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Nje, uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na ndoo za nyanya, viazi, mchele kutoka bondeni Momba, mfugaji mmoja na madumu yake ya maziwa, na wanawake wa ng'ambo wenye vitenge mabegani.

Mama mmoja wa maharage aliingiza kichwa mlangoni. "Kaka, tupange wapi?"

"Mpange nini, mama?"

"Biashara. Si mmesema leo huria?"

Fundi alitoka hadi njia panda. Aliporudi alinitazama. "Dada, programu iko wapi?"

"Haikuenea."

"Haikuenea wapi?"

"Ubaoni."

Alicheka mpaka akakaa kwenye dawati. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Ningekwenda nyumbani, na nilishageuka, lakini fundo la flashi kwenye kanga liligonga mkono wangu nikabaki.

Haukupita muda akaja mtoza ushuru na kitabu chake cha risiti kwapani. "Soko hili kafungua nani?"

"Leo huria, baba," akina mama walimjibu. "Nenda kasome ubao."

"Nimeusoma. Huria ya nani?"

Fundi akasimama katikati akaeleza kwamba si soko, ni programu za kompyuta. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua uone zilivyotengenezwa, kuzirekebisha zikufae, na kumgawia jirani.

"Kama mbegu," alisema yule mama wa maharage.

"Kama mbegu, mama."

"Za dukani siku hizi ukirudia kuzipanda hazizai vizuri."

"Hizi zinazaa."

Mtoza ushuru aliuliza, "Na akimgawia jirani, hapo katikati hakuna anayetozwa?"

"Hakuna."

"Basi hapa sina kazi," alisema, na watu wakacheka. Aliwaambia wanaotaka kuuza waende sokoni. Wachache walikwenda. Wengi walitua mizigo chini ya ukuta wakaja madirishani, maana walikuwa wameshafika na walitaka kuona.

Nilikaa kwenye foleni ya virusi. Mbele yangu walikuwa watu wanne, kisha wawili. Niliposikia fimbo ikigonga sakafu nilijua ni nani kabla ya kugeuka. Bibi alikuwa amekuja na kikapu cha mbegu za maboga. Naye aliambiwa leo huria.

"Kitabu changu," alisema, akavuta pumzi. "Kimo humo?"

Watu walikuwa wanasikia. Ningeweza kusema kinakuja. Nikasema, "Sijui, bibi. Flashi imeingia virusi, na daftari limefungia karanga. Nyimbo sizioni tena."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile ya kusindikiza?"

"Na ile."

Alikaa kwenye benchi. "Ile niliitaka ya kwangu mwenyewe," alisema taratibu, kama mtu anayetaja shuka aliyoiweka akiba.

Fundi hakucheka tena. Alinyoosha mkono nikamfungulia fundo. Aliichomeka flashi kwenye kompyuta ambayo ilikuwa imewashwa kwa diski ya sidii, kwa programu hizo huria. Kimshale kilikuwepo. Pembeni yake ilikuwepo pia folda yangu, na jina nililoipa mwenyewe.

"Haikuliwa," alisema. "Ilifichwa tu. Ile kompyuta ya kwenu ilikubali kufichiwa na virusi. Hii inaonyesha kila kilichomo."

Aliifungua. Mistari mingine ilikuwa imesogea kidogo, lakini nyimbo zilikuwepo. Nilizihesabu kwa kidole kwenye kioo: kumi na tisa.

"Soma," bibi alisema. Macho yake hayakufika pale.

Sikuwahi kusoma mbele za watu tangu darasa la saba. Nilisoma ile ya kusindikiza, polepole kama ninavyoandika. Bibi alinikatiza, "Hapo vuta." Nikavuta. Nilipofika ubeti wa tatu, mwanamke mmoja wa vitenge akaongea kutoka dirishani, akitanguliza neno la heshima la kwao.

"Samahani, mukwai. Kwetu Nakonde hatusemi hivyo." Akausema ubeti wao. Ulitofautiana maneno mawili, na mwisho wake.

"Mnakosea," alisema bibi.

"Sisi ndio tunakosea, mama, au ninyi?"

"Ninyi. Wimbo ulivuka kwenda kwenu, haukuvuka kuja."

Watu waliangua kicheko, na yule mwanamke pia. Fundi alimuuliza bibi kama tuuandike na ubeti wa ng'ambo, kwa kuwa faili lipo wazi.

"Uandike. Lakini chini."

Nikauchapa chini, kwa vidole viwili, chumba kizima kikinisubiri. Hakuna aliyeniharakisha.

Kisha mwanamke wa Nakonde akatoa flashi ya mwanawe akaomba nakala. Fundi alimgeukia bibi. "Unaruhusu wanakili?"

"Nikikupa wimbo," alisema, "mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na wimbo."

"Sasa unauliza nini?"

Siku hiyo nyimbo ziliondoka zikiwa kwenye flashi tano na sidii mbili. Jioni nilipitia njia panda na kopo la rangi, nikaandika "programu" kwa herufi ndogo juu ya "huria", ingawa siku ilikuwa imekwisha. Kitabu nilimpelekea bibi Jumapili iliyofuata, wino ukiwa umeshaletwa, kimebanwa kwa pini mbili. Alikiweka chini ya mto.

Alifariki kabla mahindi hayajakauka. Tulikwenda makaburini na karatasi mkononi, na watu wa Nakonde walikuja na zao. Ubeti wa tatu sisi tuliimba wa juu, wao waliimba wa chini. Palikuwa na kelele kidogo. Tulisubiriana, tukaendelea na wa nne.