Miezi Mitano ya Kwenda Brandon

Sina ugomvi na baridi. Ugomvi wangu ni na watu walioitumia baridi kunidanganya, na wa kwanza wao ni kaka yangu wa tumbo moja.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nakaa Euless, Texas, jirani kabisa na uwanja wa ndege, kwenye nyumba za kupanga ambazo vioo vya madirisha hutetemeka kila ndege inaposhuka. Nilifanya kazi kwenye ghala la mizigo, zamu ya asubuhi. Mama yangu sikuwa nimemtia machoni kwa miaka minane. Aliomba viza ya kuja kwangu mara mbili, akanyimwa mara mbili. Kaka yangu alikuwa anaishi Brandon, mji mdogo wa Kanada katikati ya mashamba ya ngano, na yeye alimwombea ya huko, akapata. Mama akatoka Lushoto mwezi wa tisa na sweta mbili alizofuma mwenyewe.

Mimi nilikuwa tayari nina kadi ya ukaazi. Kuingia Kanada na kurudi kusingenisumbua. Nalisema hili mapema ili mtu asinitafutie sababu, maana wapo wanaopenda kunitafutia.

Simu za mama za kwanza zilikuwa za kicheko mtindo mmoja. "Mwanangu, huku hakuna hata kichuguu," aliniambia. "Ukimtuma mtu dukani unamwona mgongo mpaka anafika, na akigeuka unamwona uso mpaka anarudi." Jua la kule alilisema kama jirani mvivu: linawaka lakini halifanyi kazi. Nilimwambia nitakuja Krismasi. Kaka akachukua simu palepale.

"Usithubutu, mdogo wangu. Huku gari linachomekwa kwenye umeme kama pasi, la sivyo haliwaki. Hilo gari lako la Texas litakufia njiani, nawe utaganda ndani yake. Subiri barafu iyeyuke. Njoo Juni, tumtembeze mama vizuri."

Basi mimi, kwa ujinga wangu, nikapanga safari ya Juni. Nilipanga kuanzia Desemba, na nilipanga kama mtu anayejenga nyumba. Nilipiga simu ofisi ya watalii ya mji ule, mama mmoja mpole akanitumia bahasha nene ya vipeperushi: picha za mto, za ngano, za jumba la ndege za kizamani, za farasi waliosukwa manyoya. Nilibandika ramani ukutani juu ya televisheni. Nilibadilisha tairi zote nne. Niliomba likizo kazini miezi sita kabla, mpaka msimamizi wangu akaniuliza kama naenda kuoa.

Na kwetu safari si ya mtu mmoja. Ukisema unasafiri, umetangaza posta. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kikongo aliyetokea Bukavu, alikuwa na dada yake Winnipeg, akaniletea furushi la makayabu, wale samaki wa chumvi, limefungwa kwa plastiki tatu na bado nyumba nzima ilinuka. Watu nisiowajua vizuri waliniletea majani ya chai, vitenge, kanda za harusi. Kabati langu la nguo likawa bohari. Nguo zangu nikazihamishia kwenye kiti.

Mkubwa wetu wa jumuiya alikuwa mzee mmoja wa Cedar Hill, Mtanzania, mhasibu, mtu wa suti hata Jumamosi. Yeye alijiteua kuwa mshauri wa safari. Kila wiki alinipigia: "Ume-check mafuta ya injini? Kazini wamesha-approve? Good. Usi-rush, kijana. Mama yupo tu."

Mama yupo tu. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, mwezi wa pili, kutoka kwa mtu aliyekuwa anajua.

Jumapili ilikuwa siku ya simu. Nilinunua kadi kwenye kituo cha mafuta, nikakwangua namba kwa funguo, nikapiga. Mama alitaka nimweleze barabara yote nitakayopita, nami ili mazungumzo yasiishe nikawa nampa kipande kimoja kila wiki. Nilitandika ramani ya pili kwenye zulia na kufuata kwa kidole. "Leo umefika wapi?" ndivyo alivyoanza. Jumapili ya kwanza sikumvusha hata mto wa mpakani na Oklahoma. Januari tulikuwa Wichita. Alitaka kujua nitalala wapi, watu wa hapo wanakula nini, kama kuna kanisa.

Mwishoni mwa Januari sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. Kaka akasema ni mafua, nyumba za kule zina hewa kavu. Jumapili iliyofuata akasema amelala. Nikashtuka. Nilimwambia nataka kuja sasa hivi, kwa ndege, niache mambo ya gari. Akacheka. "Uje ukae ndani wiki nzima unaangalia dirisha? Mama mwenyewe anasema uje Juni."

Sikuridhika. Nikampigia mzee wa Cedar Hill kuomba ushauri, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, jambo likikutatiza unamwendea mkubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisiharibu likizo yangu kwa woga, mafua hayaui, na mama yupo tu. Nikamshukuru. Nilimshukuru, jamani! Nikarudi kwenye ramani yangu.

Machi tulifika Sioux Falls. Mama alikuwa anaongea dakika mbili, tatu, kisha kaka anachukua simu. Wiki ya pili ya Aprili tulifika Fargo. Jumapili iliyofuata nilipopiga, kaka akasema amelala.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilitoka kazini saa tisa alasiri, nikaingia eneo la maegesho, nikaona magari. La mzee wa Cedar Hill, ambaye siku ya kazi hatoki ofisini hata kwa mtutu wa bunduki. La mchungaji. Mengine manne ya watu wetu. Jirani yangu wa Kikongo alikuwa anapandisha ngazi na sufuria kubwa, ile ya shughuli. Mtu wa kwetu akiona hivyo mlangoni pake haambiwi kitu. Nilikaa ndani ya gari, injini inaunguruma, nikaanza kuhesabu ni nani kati ya watu wangu.

Waliingia nami ndani.  "Ikala kwanza, kaka," jirani akaniambia. "Kunywa mayi." Nikakaa. Nikanywa. Mchungaji akauliza kama nimekula. Yote nayajua haya, maana mwaka uliotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama sebuleni kwa kijana mmoja wa Fort Worth, nimeshika glasi ya maji, nikimsubiri atoke chuoni aje aambiwe habari ya baba yake, ambayo sisi tulikuwa nayo kwa siku tisa. Tulimwachia amalize mitihani. Nilijiona mtu mwenye busara. Yule kijana aliniangalia kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa.

Mzee ndiye aliyesema. Mama amefariki jana, ugonjwa wa ini, waliugundua Januari. Januari. "Kaka yako aliniomba nikushike," akasema. "Tulikuwa tunakulinda. Ungechanganyikiwa, ungeacha kazi."

Nikamuuliza kama ulinzi huo nimeuomba. Akasema, "Tulia, kijana." Nikamtupia furushi la chai. Halikumpata. Nilitoa kila kilichokuwa kabatini, makayabu, vitenge, kanda, nikakitupa kwenye ngazi, na watu wazima wakawa wanaokota vyao. Jirani yangu peke yake hakuokota. Alikaa sakafuni akalia, akasema yeye ameambiwa asubuhi ile ile. Namwamini mpaka leo.

Kesho yake nilipanda ndege. Dallas, Minneapolis, Winnipeg, kisha basi. Safari niliyoipanga miezi mitano niliimaliza kabla jua halijazama. Likizo ya siku sita nilipewa kwa dakika tano, msimamizi hakuuliza hata swali la pili. Ndani ya basi nilitazama ile nchi tambarare, na kweli hapakuwa na kichuguu, nami nilikasirika mpaka nikaona haya, kwa sababu hata ule utambarare niliuona una kosa.

Kaka alinifungulia mlango akiwa ameandaa maneno. Sikumpa nafasi. Nilimuuliza alipata wapi haki. Akasema mama mwenyewe alikataza, alisema mwanangu asisumbuliwe, karatasi zake, kazi yake. Nikamwambia mama amekuwa akisema "msijisumbue" tangu tuzaliwe, na hakuna siku hata moja tuliyomtii. Alipougua malaria akasema tusiite daktari, tukaita. Alipoanguka ngazi ya kanisani akasema tusimbebe, tukambeba. Leo ndiyo umeanza utii?

 Mkewe akaleta chai, hakuna aliyeigusa. Kwenye kochi palikuwa na sweta moja imekunjwa.

Nilimuuliza siku za mwisho mama alisema nini.  Nikamwambia ukinidanganya tena sitakuita kaka.

"Tulimtoa hospitali Ijumaa," akasema. "Alitaka afie nyumbani. Alikuwa anapotea, anarudi. Jumapili alfajiri akaniuliza umefika wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia umeshapita Fargo. Umebakiza mpaka tu."

"Na yeye?"

"Alifurahi. Akasema basi kabla ya mchana utakuwa umefika, mlango nisiufunge kwa ndani, usije ukagonga tusikusikie."

 Nikamuuliza kama aliuacha wazi.

"Hapana," akasema kaka yangu. "Si nilijua huji."