Ruhusa ya Kusoma Tu

Bei ya shaba ilipoanguka, wazungu wa kampuni walipanda ndege mmoja mmoja, na wenzangu wa biro, yaani ofisini, wakarudishwa nyumbani. Nilibaki mi peke yangu pale Dilala, na meza kumi tupu. Upweke ule, ee Mungu wangu! Nilisalimia hata kuta.

Kabla ya kuondoka, shefu, bosi wangu, alinifungulia dosie moja, yaani faili, ya barua pepe zake, ile ya familia za mtaa wa Musonoi zilizokuwa zinafukuzwa ili mgodi upanuliwe bei ikipanda tena. "Wewe soma tu, mama," aliniambia. "Kujibu, nitajibu mimi." Angeweza kunipa ruhusa ya kuandika kwa jina lake, kazi ya dakika mbili. Hakunipa. Iliniuma.

Jumatatu moja ikaingia barua kutoka kamati ya kugawa nyumba: shefu athibitishe kabla ya Ijumaa jioni nani atapewa nyumba mpya. Jina moja lilikuwa bado linangoja neno lake. Lilikuwa la mjane aliyenilea mama yangu alipolazwa hospitali.

Nikapiga simu ya shefu. Imefungwa. Jumanne, imefungwa. Jumatano nikasema, aa, kwani mi ni mtoto? Kwetu, tangu zamani za karatasi, shefu akisafiri sekretere kama mimi anaandika "p.o." mbele ya jina lake, yaani kwa amri yake, anatia sahihi, na barua inaenda. Nani aliwahi kuikataa? Basi nikajibu kwamba mjane apewe nyumba, kutoka anwani yangu, jina la shefu chini, na p.o. yangu mbele.

Ijumaa asubuhi mjane akaja biro.

"Mwanangu, jina yangu iko?"

"Iko, mama. Nilijibu mi mwenyewe."

Akanibariki, akaenda zake anacheka.

Mchana likaja jibu, tena kwa shefu, si kwangu: "Barua tuliyopata haikutoka kwako. Bila neno lako leo, tunafunga orodha." Nililisoma mara tano. Kila nilichoandika kilitoka kwa jina langu, na jina langu halikuwa kitu. Simu, imefungwa. Nililia mbele ya zile meza.

Siku tatu aibu ilinizuia kwenda Musonoi. Nilipofika, mjane alikuwa ameshawagawia majirani vyungu na viti vyake tangu Jumapili, maana kule kwenye nyumba mpya angeanza upya. Nikamwambia yote.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu Ijumaa, mama."

Akainama, akaendelea kufunga godoro lake kwa kamba, na hakunitazama tena.